Uzi: Kuijua Uskoti kwa kupitia vijiji vyake, makanisa yake madogo na nyimbo za watu wake

Mkazi wa Glasgow (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam nyingi. Jamaa yangu mmoja wa Nakuru alinipigia simu kuniarifu kwamba anakuja Uskoti kwa siku 9, akanisomea orodha ya mahali alipotaka kupaona: ngome ya Edinburgh, ngome ya Stirling, ngome ya Eilean Donan, ziwa la Loch Ness na lile dude lake, kisha kiwanda cha wiski. Nilimsikiliza mpaka mwisho, ndipo nikamuuliza ni wapi katika orodha hiyo atakapokutana na Mskoti aliyelima shamba la kupanga, akala uji wa shayiri na kuimba Zaburi siku ya Jumapili. Alinyamaza kidogo, akacheka, akasema basi nimpangie mimi. Uzi huu unahusu safari hiyo tuliyoifanya pamoja, nami nimeuandika kwa ajili ya wale wanaoniuliza kila mara waanzie wapi.

Hoja yangu si kwamba ngome hazifai. Ninachosema ni kwamba ngome zilijengwa na mabwana, na habari zinazosimuliwa ndani yake ni za mabwana. Anayewatafuta watu wa kawaida itambidi aende kwenye kanisa dogo la kijijini, asome makaburi na madirisha, kisha atafute mahali ambapo nyimbo za zamani bado zinaimbwa na watu wanaozielewa.

Tulianzia Culross, kijiji kilichoko Fife, kwenye ukingo wa kaskazini wa mlango wa bahari wa Forth. Jina hilo hutamkwa Kuros, na ukilitamka kama lilivyoandikwa dereva wa basi atakuelewa ila atatabasamu. Nyumba zake zimepakwa chokaa, na paa zake ni za vigae vyekundu vya mtindo uliotoka Uholanzi, kwa sababu meli zilizopeleka makaa ya mawe na chumvi huko zilirudi na vigae kama farumi. Jumba kubwa la rangi ya manjano lilianza kujengwa mwaka 1597 na George Bruce, mfanyabiashara aliyechimba makaa hadi chini ya bahari, akajenga mnara wa mawe majini ili mgodi uwe na mdomo wa pili. Inasimuliwa kwamba Mfalme James wa VI alipoutembelea mgodi huo mwaka 1617, aliibukia juu ya mnara, akajiona amezungukwa na maji pande zote, akapiga kelele kwamba anasalitiwa. Dhoruba ya mwaka 1625 iliuharibu mgodi, na polepole kijiji kikafifia. Umaskini ndio uliokihifadhi, maana hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa nyumba za zamani na kujenga mpya. Shirika la National Trust for Scotland, lililoanzishwa mwaka 1931, lililinunua lile jumba mwaka uliofuata kwa pauni 700.

Kilichomshangaza mgeni wangu hapo ni barabara yenyewe wala si jumba. Njia za Culross zimetandikwa mawe ya mviringo, na katikati ya njia moja kuna mstari wa mawe bapa ulioinuka kidogo kuliko pande zake. Mstari huo ulikuwa wa waheshimiwa, ili wapite bila kukanyaga maji machafu, nao wengine walipita pembeni kwenye tope. Alisimama juu yake, akashuka, akapanda tena, akaniambia kwamba hata hapa walikuwa na yao.

Sehemu ya pili ya safari nitaiandika hapa chini, kwa kuwa ndiyo iliyonisukuma kufungua uzi.

Mkazi wa Glasgow (anaendelea)

Kutoka Culross tulikwenda kaskazini hadi kituo cha Ardgay, kisha tukafuata barabara nyembamba ya bonde la Carron kwa kilomita zipatazo 16 hadi inapoishia. Hapo pana kanisa linaloitwa Croick. Ni mojawapo ya makanisa zaidi ya 30 yaliyojengwa katika nyanda za juu na visiwani kwa fedha za Bunge kwa michoro ya mhandisi Thomas Telford, na hili lilikamilika mwaka 1827. Ni jengo la kawaida kabisa, lenye kuta za mawe, paa la mabamba ya mawe, kengele ndogo na madirisha ya vioo vidogo vya umbo la almasi vilivyoshikwa kwa risasi. Ukipita kwa gari unaweza kudhani ni ghala.

Mwezi Mei mwaka 1845 wapangaji wa bonde jirani la Glencalvie, familia 18, waliondolewa katika ardhi yao ili ardhi hiyo itumiwe kwa ufugaji wa kondoo. Hawakuwa wadaiwa, maana kodi walikuwa wameilipa. Wengi hawakuwa na pa kwenda, wakakimbilia uwanja wa makaburi wa Croick, wakafunga turubai, mablanketi na vipande vya nguo juu ya miti, wakaishi hapo na watoto wao wakati mvua ikinyesha. Ndani ya kanisa hawakuingia. Gazeti la The Times la London lilimtuma mwandishi wake kuwaona, na habari zake ndizo zilizowafanya watu wa mbali wajue kuna mahali panapoitwa hivyo.

Wakiwa hapo, baadhi yao walikwaruza maandishi kwenye vioo vya dirisha la mashariki, kutokea nje, kwa ncha ya kitu kikali. Maandishi yapo hadi leo. Si makubwa, na jicho huyatafuta kwanza bila kuyaona, kwa sababu kioo kinaakisi mawingu na miti. Tulilazimika kusogea hadi pua inakaribia kugusa kioo, tukainamisha kichwa upande, ndipo mistari myembamba ikatokea: majina, tarehe 24 Mei 1845, na taarifa kwamba watu wa Glencalvie walikuwa hapa. Katika kioo kimoja wamejiita kizazi kiovu.

Maneno hayo mawili yalimkaa mgeni wangu rohoni. Aliniuliza ni nani aliyewaambia kwamba wao ni waovu. Wasomaji wengi huyaelewa kwamba waliamini kuondolewa kwao ni adhabu ya Mungu. Wengine huyasoma kama kejeli ya watu waliochoka kuambiwa hivyo. Mimi naelekea kwenye maana ya kwanza, kwa kuwa maneno yenyewe ni ya Biblia, na hawa walikuwa watu walioijua Biblia kuliko kitabu kingine chochote. Jambo la pili ni kwamba waliandika kwa Kiingereza, ilhali nyumbani walizungumza Kigaeli. Nadhani walimwandikia msomaji fulani, na walijua kwamba msomaji huyo hajui lugha yao.

Msomaji wa Tanga

Ndugu mwanzisha uzi, shukrani kwa maelezo. Nina maswali mawili. La kwanza, mchungaji wao alikuwa wapi? La pili, nimeona katika picha nyingi kwamba kijiji kimoja cha Uskoti kinaweza kuwa na makanisa mawili au matatu yaliyokaribiana, na mengine yamegeuzwa nyumba za kuishi. Je, walikuwa wengi kiasi hicho, au kuna jambo jingine?

Mkazi wa Glasgow

Maswali yako yote mawili yanajibiwa na mwaka 1843. Kwa muda mrefu mwenye ardhi alikuwa na haki ya kumchagua mchungaji wa parokia, hata waumini wakimkataa. Ugomvi juu ya haki hiyo ulifikia kilele mwezi Mei mwaka huo, wachungaji wapatao 470 kati ya takriban 1,200 walipojitoa katika Kanisa la Uskoti wakiongozwa na Thomas Chalmers, wakaacha mishahara na nyumba zao na kuunda Kanisa Huru. Mchungaji wa Croick, Gustavus Aird, alikuwa miongoni mwa waliojitoa, na sehemu kubwa ya waumini ikamfuata. Kwa hiyo watu wa Glencalvie walipopiga hema makaburini, kanisa lile lilikuwa karibu tupu. Aird hakuwatelekeza, kwani alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti kwa ajili yao.

Ndiyo sababu unayaona makanisa mawili kijijini: moja la zamani, na jingine la wale waliotoka. Wenye ardhi wengine walikataa katakata kuwapa hata kipande cha kujengea. Huko Strontian, magharibi, waumini waliagiza kanisa la chuma linaloelea, likatengenezwa kwenye mto Clyde na kuvutwa kwa maji hadi ziwa la bahari la Sunart mwaka 1846, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya bwana lakini maji hayakuwa yake. Inasimuliwa kwamba mhubiri alipokuwa mashuhuri, kanisa lilizama zaidi majini kwa uzito wa watu, na hivyo umaarufu wa kila mhubiri ukawa unapimika kwa inchi.

Mjukuu wa Mpiga Zumari

Naomba kutofautiana kidogo na mwandishi, kwa heshima. Anazungumza kana kwamba ngome ni mambo ya mabwana tu, na nahisi hata mavazi ya miraba atayaona hivyohivyo. Je, si kila ukoo ulikuwa na kitambaa chake tangu kale? Na je, si Waingereza walioyapiga marufuku mavazi hayo pamoja na zumari za mfuko baada ya vita vya Culloden, jeshi la serikali lilipowashinda waasi wa nyanda za juu, kwa kuwa walijua hiyo ndiyo roho ya watu?

Mkazi wa Glasgow

Ndugu yangu, umeuliza jambo ambalo hata Waskoti wenyewe hubishana juu yake wakiwa mezani. Vita vya Culloden vilipiganwa tarehe 16 Aprili 1746, na ni kweli kwamba sheria ya mwaka huo iliwakataza wanaume wa nyanda za juu kuvaa mavazi yao, ikabaki hadi ilipofutwa mwaka 1782. Lakini ukiisoma sheria yenyewe, zumari hazikutajwa popote. Kuhusu miraba, watu walivaa vitambaa vya miraba tangu zamani, ila mpango wa kila ukoo na mraba wake rasmi ni kazi ya karne ya 19 kwa sehemu kubwa. Ulipata nguvu Mfalme George wa IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822, katika sherehe zilizoandaliwa na Walter Scott, ambapo wakuu wa koo walitakiwa kuja wamevaa. Jambo linalonikera katika picha hiyo ni kwamba kondoo walikuwa tayari wamechukua nafasi ya watu katika mabonde kadhaa. Mavazi ya mkulima yalipata heshima ya kifalme wakati mkulima mwenyewe anafukuzwa.

Kwa hiyo zumari tuiheshimu kwa sababu zake za kweli, nazo ni nyingi. Nitazieleza nikifika kisiwa cha Skye.

Binti wa Thogoto

Nimesoma yote kwa shauku, kwa kuwa mimi nilibatizwa katika kanisa la PCEA (Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki) na jina la kijiji chetu lenyewe ni ushahidi. Wamisionari wa Kiskoti walianzia Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898, na wenyeji waliposikia hao ni Waskoti wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Thogoto. Bibi yangu alicheza mwomboko ujanani, na wazee husema hatua zake na kodiani yake zina damu ya dansi za Waskoti na Wazungu wengine wa wakati wa ukoloni. Swali langu kwa mwandishi ni hili: hayo makanisa ya huko yanaimbaje? Sisi tunaimba kwa ngoma na kayamba. Nimesikia kwamba wao hawana hata kinanda.

Mkazi wa Glasgow

Dada yangu, umenigusa nilipotaka kuguswa. Baada ya Matengenezo ya Kanisa ya mwaka 1560, Uskoti ilipoacha Ukatoliki, vinanda viliondolewa makanisani, na kwa karne 3 hivi Kanisa la Uskoti liliimba Zaburi kwa sauti za watu peke yake. Vinanda vilianza kurudi miaka ya 1860, tena kwa ugomvi mkubwa. Kanisa Huru lenyewe liliruhusu ala na tenzi zisizo Zaburi mwaka 2010 tu, na makusanyiko yake mengi yanaendelea kuimba bila chochote.

Tulivuka kutoka Ullapool hadi Stornoway katika kisiwa cha Lewis baada ya kukwama siku nzima kwa sababu upepo ulifuta kivuko, na hakuna aliyeweza kutuambia kitaondoka lini. Tuliyapitia mawe ya Callanish, yaliyosimamishwa takriban miaka 5,000 iliyopita, tukapiga picha zetu, tukaendelea. Nia yetu ilikuwa ibada ya Kigaeli ya Jumapili.

Jambo la kwanza lililotuchanganya ni kwamba waumini huketi wakati wa kuimba na kusimama wakati wa kuomba. Mgeni wangu alisimama Zaburi ilipotajwa, akajikuta peke yake kama mlingoti, akaketi haraka. Mbele, chini ya mimbari, aliketi mzee mmoja akiwa amewaelekea watu. Huyo ndiye mwanzishaji. Alitoa mstari mmoja kwa sauti yake, haraka, karibu kama anayesoma kwa mahadhi, na kabla hajamaliza kanisa zima likaupokea na kuuvuta polepole. Hapakuwa na sauti ya kwanza wala ya pili. Kila mtu aliufuata wimbo uleule kwa njia yake, akiongeza mapambo yake, huyu akitangulia na yule akichelewa, kiasi kwamba sauti ilipanda na kushuka kama maji yanayoingia katika mapango ya pwani. Mstari mmoja ulichukua muda ambao sisi tungemaliza ubeti mzima.

Desturi hiyo ya kutoa mstari ilienea Uskoti na Uingereza karne ya 17, kwa sababu wengi hawakujua kusoma na vitabu vilikuwa adimu. Zaburi 50 za kwanza za Kigaeli zilichapishwa mwaka 1659, na zote 150 zikawa tayari mwaka 1694. Kwingineko watu walipojifunza kusoma waliiacha desturi, lakini wasemaji wa Kigaeli walibaki nayo hata baada ya kila mtu kuwa na kitabu chake mkononi.

Mgeni wangu, ambaye ni mwimbaji wa kwaya tangu utoto, hakusema neno hadi tulipofika garini. Kisha akasema kwamba hajui kama ule ulikuwa wimbo au kilio, na kwamba hataki kuambiwa.

Msomaji wa Tanga

Na nje ya kanisa? Naamini hawakuwa wakiimba Zaburi shambani.

Mkazi wa Glasgow

La hasha, ingawa wahubiri wakali walitamani iwe hivyo, na kuna fidla zilizochomwa kwa sababu hiyo. Nyimbo za kazi za visiwani ni hazina kubwa kuliko zumari kwa maoni yangu, na ninajua nitapingwa. Kitambaa cha sufu kilipotoka kwenye kitanda cha mfumi kilikuwa kinalegea, hivyo wanawake walikaa kuuzunguka ubao mrefu, wakakilowesha katika mkojo uliokaa siku nyingi, wakakipigapiga na kukizungusha mkono kwa mkono kufuata mwendo wa jua mpaka kishikane. Mmoja aliimba mstari, wengine wakaitikia kwa silabi zisizo na maana ya kamusi lakini zenye kushika mapigo ya kazi. Ilikuwa mwiko kurudia wimbo uleule katika kikao kimoja, na kwa hiyo kila mwanamke alilazimika kuwa na nyimbo nyingi kichwani. Ndani yake utawakuta wapenzi waliozama baharini, masengenyo ya majirani, na maombolezo ya vita ambavyo wanahistoria waliandika kwa mistari miwili.

Nyingi zimepona kwa sababu kuna watu waliokaa na wenye nyimbo. Margaret Fay Shaw, Mmarekani, aliishi miaka kadhaa Uist Kusini kuanzia 1929 katika nyumba ya madada wawili, akiandika walichoimba. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha taasisi ya masomo ya Kiskoti, na wakusanyaji kama Calum Maclean na Hamish Henderson wakazunguka na mashine za kurekodi. Rekodi nyingi za namna hiyo sasa zinasikilizwa bure kwenye tovuti ya Tobar an Dualchais. Andikeni jina la kisiwa, mtamsikia bibi akikohoa kwanza, kisha akaanza.

Sasa zumari, kama nilivyoahidi. Huko Boreraig, Skye, pana nguzo ya mawe ya kuwakumbuka MacCrimmon, waliokuwa wapiga zumari wa ukoo wa MacLeod kwa vizazi. Muziki wao mkubwa huanza na msingi wa polepole, kisha msingi huo hupambwa kwa mizunguko inayozidi ugumu, na mwisho hurudi ulivyoanza. Hawakuufundisha kwa nota. Mwalimu aliuimba kwa silabi, kila silabi ikiwakilisha sauti na pambo lake, na mwanafunzi aliushika kwa mdomo kabla ya kuugusa kwa vidole. Kwa hiyo hata zumari, kwa asili yake, ilianzia kooni.

Mwalimu Mstaafu, Bagamoyo

Sisi wa huku tuna deni la kutaja Blantyre karibu na Glasgow, alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813. Nimewahi kufika. Jengo la Shuttle Row lilikaliwa na familia 24 za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, kila familia katika chumba kimoja, naye aliingia kiwandani akiwa na miaka 10. Nilikwenda kuwatafuta Abdullah Susi na James Chuma, walioongoza msafara ulioubeba mwili wake kutoka kwa Chitambo hadi Bagamoyo mwaka 1874, nikafurahi kukuta wanatajwa kwa majina.

Binti wa Thogoto

Nami niongeze Orkney, kwa anayefika mbali. Wafungwa wa vita wa Kiitalia waliokuwa katika kisiwa cha Lamb Holm waliunganisha vibanda viwili vya mabati mwaka 1943, wakavigeuza kanisa, na taa zake wakazitengeneza kwa makopo ya nyama. Mchoraji wao, Domenico Chiocchetti, alibaki kumalizia kisima cha ubatizo wenzake walipokwisha kuondoka. Anayepita Mai Mahiu akishuka bonde la ufa ataona kanisa dogo la mwaka 1942 lililojengwa na wafungwa wengine wa taifa hilohilo.

Msomaji wa Tanga

Swali la mwisho, ndugu mwandishi. Nikifika Croick, mlango huwa wazi? Na niende mwezi gani?

Mkazi wa Glasgow

Maandishi yako upande wa nje, kwa hiyo hata ukikuta mlango umefungwa hutakosa ulichokifuata. Zunguka hadi dirisha la mashariki. Sisi tulikwenda wakati wa alasiri, tukaona vizuri zaidi mgeni wangu aliposimama nyuma yangu na kukikinga kioo kwa koti lake. Tafadhali usipitishe kidole juu ya maandishi. Ukipenda mwezi wa Mei, ambao ndio wao walikuwa hapo, nenda mapema, kwa sababu kuelekea Juni usubi huanza kutoka kwenye majani, na mtu aliyesimama ameinamia kioo kwa dakika 10 bila kutikisika ndiye wanayemtaka.